Kufundisha Utenganishaji wa Maji kwa Umeme katika Shule ya Msingi

Utangulizi

Mada ya maji hufundishwa katika kila shule ya msingi. Watoto hujifunza vyanzo vya maji, matumizi yake, namna ya kuyasafisha na mzunguko wake kutoka baharini hadi mawinguni. Lakini swali moja aghalabu huachwa nyuma: maji yenyewe yameundwa kwa vitu gani? Mwalimu huandika ubaoni kwamba maji ni haidrojeni na oksijeni, watoto hunakili, na somo huishia hapo. Mtoto hukubali jambo hilo kwa sababu mwalimu amelisema, wala si kwa sababu ameliona.

Siku hizi swali hilo limezidi kuwa na uzito. Nchi nyingi zinatafuta nishati isiyochafua hewa, na haidrojeni inayopatikana kwa kutenganisha maji ni miongoni mwa zinazotajwa sana. Kenya, kwa mfano, ilitangaza mkakati wake wa haidrojeni safi mwezi Septemba mwaka 2023. Watoto husikia habari hizi redioni, nao huja shuleni wakiuliza kama ni kweli kwamba gari laweza kuendeshwa kwa maji. Hapana budi mwalimu awe tayari kuwajibu.

Shabaha ya makala haya ni tatu: kueleza maarifa anayopaswa kuwa nayo mwalimu mwenyewe, kuonyesha namna ya kuandaa somo kwa zana zinazopatikana dukani na jikoni, na kutahadharisha juu ya kosa moja ambalo sisi wenyewe tulishiriki kulitenda.

Kosa lililotufunza

Katika kipindi kimoja cha mazoezi ya kufundisha tulikwenda kumwangalia mwanachuo wetu akifundisha somo hili. Alikuwa amejiandaa vizuri. Alikuwa na betri, nyaya, penseli mbili na bakuli la maji yaliyotiwa chumvi ya mezani ili yapitishe umeme. Viputo vilipoanza kutoka, aliwaambia watoto: upande huu ni haidrojeni, na upande huu ni oksijeni. Mtoto mmoja aliyeketi karibu na meza alinyoosha mkono akasema, "Mwalimu, inanuka kama dawa ya kufulia nguo nyeupe." Mwanachuo alimjibu kwamba oksijeni haina harufu, akamtaka anyamaze na asikilize. Mtoto alinyamaza. Sisi tuliokuwa tumeketi nyuma na fomu ya tathmini tulimpa mwanachuo alama nzuri kwa udhibiti wa darasa.

Ni baada ya kipindi, tulipoisogelea meza ile, ndipo harufu ilipotufikia sisi pia. Mtoto alikuwa amesema kweli. Chumvi ya mezani ni kampaundi ya sodiamu na klorini. Umeme unapopita katika maji ya chumvi, haidrojeni hutoka upande wa hasi kama inavyotazamiwa, lakini upande wa chanya hutoka klorini, wala si oksijeni peke yake. Klorini ndiyo inayotumika katika dawa za kung'arisha nguo. Ni hewa ya sumu inayounguza macho na kifua. Mwaka 1915 ilitumika kama silaha ya vita huko Ypres, Ubelgiji. Kiasi kilichotoka katika bakuli lile kilikuwa kidogo, lakini katika chumba kilichofungwa madirisha hata kidogo hakifai.

Mwanachuo hakubuni njia ile. Alijifunza kwetu. Sisi ndio tuliomwambia, "tia chumvi kidogo." Wiki iliyofuata tulirudi pamoja naye darasani, tukawaeleza watoto kwamba mwenzao alikuwa na haki, na kwamba walimu wake ndio waliokosea. Hatukuona heshima ya mwalimu ikipungua siku ile. Tuliona mikono ya watoto ikinyooshwa kwa wingi kuliko mara ya kwanza.

Maarifa ya mwalimu

Haidrojeni ilichunguzwa kama hewa ya pekee na Henry Cavendish wa Uingereza mwaka 1766. Baadaye Antoine Lavoisier wa Ufaransa aliipa jina lenye maana ya "kizaa maji", kwa kuwa ikiungua hufanya maji. Mwaka 1800 Alessandro Volta wa Italia alitangaza betri yake ya kwanza, na katika mwaka huohuo William Nicholson na Anthony Carlisle waliitumia betri ya namna hiyo mjini London kutenganisha maji. Walipotumia nyaya za shaba nyeupe, hewa ilitoka katika waya mmoja tu, na waya wa pili ukaliwa. Walipobadili na kutumia nyaya za platini, hewa zilitoka kote kuwili: haidrojeni upande mmoja na oksijeni upande wa pili. Mwalimu alikumbuke tukio hili, maana laonyesha kwamba kifaa chenyewe chaweza kubadili matokeo. Tutalirudia hapa chini.

Tendo la kutenganisha kampaundi kwa umeme huitwa elektrolisisi. Katika maji, haidrojeni hutoka kwenye ncha iliyounganishwa na upande wa hasi wa betri, na oksijeni kwenye ncha ya upande wa chanya. Kila molekuli ya maji ina atomu mbili za haidrojeni na moja ya oksijeni. Kwa hiyo ujazo wa haidrojeni huwa mara mbili ya ujazo wa oksijeni. Kwa uzito, mambo ni kinyume, kwa kuwa atomu ya oksijeni ni nzito zaidi: kilo 9 za maji hutoa kilo 1 ya haidrojeni na kilo 8 za oksijeni.

Maji safi kabisa hupitisha umeme kwa shida sana. Ndiyo sababu hutiwa kitu cha kusaidia. Viwandani hutumia magadi makali au tando maalumu. Shuleni tunashauri chumvi ya haluli, inayouzwa katika maduka ya dawa. Chumvi hii haina klorini. Hewa zinazotoka ni za maji yenyewe.

Kuchemka si kutenganishwa

Kabla ya kugusa betri, mwalimu aondoe kwanza dhana moja potofu. Ukiwauliza watoto viputo vilivyomo katika sufuria inayochemka ni vya nini, wengi watajibu kuwa ni hewa, na wale waliosikia kidogo watasema ni haidrojeni na oksijeni. Mwalimu asiwaambie kwamba wamekosea. Achemshe maji na kushika mfuniko mkavu, wa baridi, juu ya mvuke. Matone yatajikusanya. Kisha aulize: mvuke umegeuka kuwa nini? Kama mvuke ungekuwa haidrojeni na oksijeni, je, ungezima moto wa jiko au ungeuwasha?

Kwa njia hii watoto watatambua kwamba moto wa jiko hugeuza maji kuwa mvuke, nao mvuke bado ni maji. Kuyatenganisha ni kazi kubwa zaidi, inayohitaji nguvu ya namna nyingine. Hapo ndipo umeme unapoingia.

Zana

Mwalimu akusanye vitu vifuatavyo:

1. Betri nne za tochi, kila moja ya volti 1.5, zilizopangwa kwa kufuatana ili zitoe volti 6.
2. Nyaya mbili zilizochunwa ncha zake.
3. Penseli mbili zilizochongwa pande zote mbili. Juu, mti uchongwe hadi risasi ionekane kiasi cha sentimita 2. Watoto waelezwe kwamba, ingawa twaita "risasi ya penseli", kitu hicho si madini ya risasi bali ni namna ya kaboni.
4. Kopo la plastiki linaloonyesha ndani, litobolewe matundu mawili kwenye kitako, kwa umbali wa sentimita 3 au 4. Penseli zipenyezwe humo na matundu yazibwe kwa nta ya mshumaa.
5. Mabomba mawili mapya ya sindano ya mililita 5, yasiyo na sindano. Mchi utolewe, na ncha nyembamba iyeyushwe kwa moto hadi izibe. Mistari yake itatumika kupimia hewa. Yasitumike kamwe mabomba yaliyokwisha kutumika hospitalini.
6. Maji ya mvua nusu lita, yaliyotiwa vijiko viwili vya chai vya chumvi ya haluli. Maji ya bomba hutiwa dawa, na maji ya visima vingi vya pwani yana chumvi; kwa hiyo maji ya mvua ni bora.
7. Matofali mawili ya kulitegemeza kopo, ili nyaya zifike chini yake.

Mwalimu alifanye jaribio lote peke yake siku moja kabla ya somo. Atajua nta inavuja au la, na hewa inachukua dakika ngapi kujaa. Mwalimu asiyejaribu kwanza hulazimika kubahatisha mbele ya watoto, na kubahatisha ndiko kulikotuponza sisi.

Hatua za somo

Tunapendekeza vipindi viwili vinavyofuatana, yaani dakika 80.

Hatua ya kwanza: kutabiri. Mwalimu aonyeshe kifaa, aeleze kila sehemu, kisha aulize: umeme ukipita humu, mtaona nini? Kila kikundi kiandike jibu lake. Majibu yasisahihishwe wakati huu.

Hatua ya pili: kutazama. Mabomba yajazwe maji yaleyale na kufunikizwa juu ya risasi za penseli bila kuingiza hewa. Betri iunganishwe. Watoto waje mezani kwa zamu, wachore wanachokiona. Waulizwe: viputo vinatoka wapi? Upande upi una vingi? Je, kuna harufu? Swali hili la mwisho lisiachwe.

Watoto wenye macho makali wataona ukungu mweupe ukitokea karibu na penseli ya upande wa hasi. Mwalimu asishangae. Huo ni uji wa magnesiamu itokayo katika chumvi ya haluli, wala hauharibu jaribio.

Hatua ya tatu: kupima. Kila dakika tano mtoto mmoja asome mistari ya mabomba yote mawili, na mwingine aandike ubaoni. Bomba la haidrojeni likikaribia kujaa, umeme ukatwe.

Hatua ya nne: kuzijaribu hewa. Kazi hii ifanywe na mwalimu peke yake, watoto wakiwa wamekaa umbali wa hatua tatu, na mabomba yakishikwa kwa koleo au kibanio cha nguo. Bomba la haidrojeni litolewe mdomo ukielekea chini, maana haidrojeni ni nyepesi na hukimbilia juu. Njiti inayowaka ikisogezwa mdomoni, husikika mlio mdogo wa "pop". Bomba la oksijeni lizibwe kwa kidole lingali majini, ligeuzwe mdomo juu, kisha njiti yenye kaa jekundu iingizwe. Kaa litang'aa zaidi, na huenda likawaka moto.

Hatua ya tano: kurudi kwenye utabiri. Vikundi visome vilichoandika mwanzoni na kueleza kilichobadilika katika mawazo yao.

Matokeo yasipolingana na kitabu

Katika vifaa vya penseli, mara nyingi vipimo havitaonyesha mbili kwa moja barabara. Oksijeni huwa pungufu. Sababu ni mbili. Kwanza, oksijeni huyeyuka katika maji zaidi ya haidrojeni. Pili, sehemu ya oksijeni huishambulia kaboni ya penseli na kufanya hewa ya ukaa. Ndiyo sababu risasi ya upande wa chanya huonekana ikimomonyoka na maji kuwa na chembe nyeusi. Hivi ndivyo waya wa shaba nyeupe wa Nicholson na Carlisle ulivyoliwa.

Mwanachuo atashawishika kuandika ubaoni "mbili kwa moja" hata kama bomba laonyesha mililita 5 na mililita 1 na nusu. Asifanye hivyo. Aandike kilichoonekana, kisha aulize: oksijeni iliyopungua imekwenda wapi? Awaonyeshe watoto ile penseli iliyoliwa. Mtoto atakayeigundua sababu kwa macho yake hataisahau, na atakuwa amejifunza kwamba kipimo huandikwa kama kilivyo, hata kama hakimfurahishi mwalimu.

Je, maji ni fueli?

Hapa ndipo penye moyo wa somo. Mtoto aliyesikia haidrojeni ikilia "pop" atauliza: kwa nini basi tusitumie maji badala ya petroli? Swali hili ni la akili, nalo lastahili jibu kamili.

Mwalimu awakumbushe watoto kuhusu jivu. Kuni zikiungua hubaki jivu, na jivu haliwaki tena. Haidrojeni ikiungua hubaki maji. Kwa hiyo maji ni kama jivu la haidrojeni: yamekwisha kuungua. Kuyarudisha kuwa haidrojeni na oksijeni kunahitaji nishati, na nishati hiyo haiwezi kuwa ndogo kuliko ile itakayopatikana baadaye. Mtu akidai kwamba gari lake hutumia maji peke yake, watoto waulize: umeme wa kuyatenganisha umetoka wapi?

Hesabu ya viwandani yaonyesha jambo hili wazi. Ili kupata kilo 1 ya haidrojeni, mitambo hutumia yuniti 50 hadi 55 za umeme. Kilo hiyo ikiunguzwa hutoa joto la yuniti 33 hivi. Ikitumika katika seli ya fueli kuzalisha umeme tena, hurudisha takriban nusu ya hizo 33. Watoto wa madarasa ya juu wanaweza kuifanya hesabu hii wenyewe na kuona ni sehemu gani imepotea njiani kwa njia ya joto.

Basi haidrojeni ina faida gani? Faida yake ni kubeba na kuhifadhi. Ni kama ghala la mazao: ghala halilimi, bali hutunza kilichovunwa. Jua huwaka mchana na upepo huvuma kwa vipindi. Umeme wake waweza kutumika kutenganisha maji, na haidrojeni ikawekwa kwa matumizi ya baadaye. Kilo moja ya haidrojeni ina nishati karibu mara tatu ya kilo moja ya petroli, nayo ikiungua haitoi moshi wa ukaa.

Lakini kuitunza si kazi rahisi. Nusu lita ya maji hutoa gramu 55 hivi tu za haidrojeni, na gramu hizo, zikiachwa katika hewa ya kawaida, hujaza zaidi ya mapipa matatu ya lita 200. Ndiyo sababu hushindiliwa kwa nguvu kubwa katika mitungi, au hupozwa hadi nyuzi 253 chini ya sifuri ili iwe kimiminika.

Usafi wake pia hutegemea chanzo cha umeme. Mwaka 2023 dunia ilizalisha takriban tani milioni 97 za haidrojeni, nyingi kati ya hizo zikitokana na gesi asilia na makaa ya mawe. Kila tani inayotokana na gesi asilia kwa njia ya kawaida huacha angani tani 9 au 10 za hewa ya ukaa. Hata haidrojeni ya maji, ikitengenezwa kwa umeme wa makaa ya mawe, haiwezi kuitwa safi.

Watoto wasidhani kwamba ufundi huu ni wa nchi za mbali tu. Huko Aswan, Misri, umeme wa Mto Nile ulitumika kutenganisha maji ili kupata haidrojeni ya kutengenezea mbolea kuanzia miaka ya 1960. Huko Kwekwe, Zimbabwe, kiwanda cha mbolea kilifanya vivyo hivyo kwa miaka mingi, hadi mitambo yake ya elektrolisisi iliposimamishwa katika miaka ya 2010. Umeme uliohitajika ulikuwa mwingi mno. Mifano hii miwili yafundisha jambo lilelile la betri nne za tochi: maji si haba, ila umeme una gharama.

Tahadhari

Mwalimu azingatie mambo haya bila kulegeza hata moja:

1. Chumvi ya mezani isitumike.
2. Umeme wa ukutani usitumike kamwe. Betri za tochi zatosha.
3. Hewa mbili zisikusanywe katika chombo kimoja. Haidrojeni huweza kulipuka ikichanganyika na hewa kuanzia sehemu 4 hadi 75 katika 100. Mwaka 1937 ndege kubwa ya puto iitwayo Hindenburg, iliyojazwa haidrojeni, iliungua huko Marekani na watu 36 wakapoteza maisha.
4. Chombo kisizidi ukubwa wa bomba la sindano.
5. Madirisha yafunguliwe, na watoto waonywe wasirudie jaribio nyumbani bila mtu mzima.

Kutathmini somo

Mtihani wa kutaja majina ya hewa mbili hautoshi. Mwalimu atajua kwamba somo limeeleweka iwapo mtoto anaweza kueleza kwa maneno yake tofauti kati ya kuchemsha maji na kuyatenganisha. Kwa nini bomba moja lilijaa kabla ya jingine. Na kwa nini maji hayawezi kuwa fueli bila kupewa nishati kutoka mahali pengine.

Hitimisho

Tumeeleza jaribio dogo linalohitaji betri nne na penseli mbili. Hata hivyo, jambo kubwa tulilojifunza halikutoka kitabuni wala chuoni, bali lilitoka kwa mtoto aliyenusa akasema alichonusa. Mwanachuo atakapokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, atakuta watoto wa namna hiyo. Wanapoona au kunusa kitu ambacho andalio la somo halikukitaja, asiharakishe kuwanyamazisha. Asogee mezani, anuse naye. Nasi tunaoketi nyuma na fomu zetu tutajitahidi kufanya hivyo pia.

Maswali ya majadiliano kwa wanachuo

1. Mtoto anadai kwamba ukiacha maji juani hugeuka kuwa haidrojeni. Utatumia jaribio gani kumsaidia kufikiri?
2. Shule yako haina chumvi ya haluli. Utafanya nini, na kwa nini hutatumia chumvi ya mezani?
3. Andika maswali matatu utakayowauliza watoto iwapo vipimo vyao vitaonyesha haidrojeni mara tatu ya oksijeni.
4. Umegundua kwamba wiki iliyopita ulifundisha jambo lisilo sahihi. Utalirekebishaje mbele ya darasa?